Jumamosi ya Nyuzi Kumi na Sita

Kwanza niseme hivi: mimi ni mtu wa kelele. Sijivunii, lakini sikatai. Nikifurahi napiga kelele, nikiogopa napiga kelele, na majirani zetu wa juu hapa Berchem-Sainte-Agathe, Ubelgiji, watu wanaoshuka ngazi kwa kunyata hata mchana wa jua kali, wamekwisha kunizoea. Wao hudhani nagombana na mtu. Mara nyingi huwa naogopa tu.

Ninachokiogopa ni kimoja. Binti yangu ana ugonjwa wa selimundu. Kwetu Bukavu tunasema tu kwamba mtoto ni SS, na mtu akitaja herufi hizo mbili anashusha sauti. Damu yake haiwezi baridi. Akipigwa na baridi chembe zake zinajikunja, zinaziba njia, na mifupa inaanza kumuuma kwa namna ambayo sitaki kuieleza hapa. Tunaita krizi. Amepata nyingi, na mara mbili daktari alinivuta pembeni akaniambia nikae kwanza kabla hajaniambia lolote. Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Donc, watu wengine wakizungumza habari za joto la nyumba wanazungumza habari za starehe. Mimi huwa nazungumza habari za mtoto wangu kuwa hai.

Kwa miaka tisa tulikuwa na boila ya gesi jikoni, na mimi boila ile niliipenda kama mtu wa familia. Ilikuwa na kidirisha, na ndani ya kidirisha ulimi wa moto wa buluu. Nafanya kazi ya usafi katika ofisi za mtaa wa taasisi za Ulaya, kwa hiyo natoka na tramu ya kwanza. Kila alfajiri, kabla sijavaa koti, nilikuwa nainama jikoni kuutazama ule moto. Ukiwapo, naondoka na roho safi. Halafu nagusa radiata ya chumba cha mtoto, na inaniunguza kiganja, na hapo nafunga mlango. Joto lilikuwa joto, baridi ilikuwa baridi, na mimi niliweza kuvitofautisha.

Halafu ikaja barua kwamba nyumba zote za mtaa wetu zitang'olewa boila na kuwekewa pampu za joto. Wakaja, wakang'oa, wakaweka. Nje, kwenye ua wetu mdogo, likakaa sanduku kubwa la chuma lenye panga la feni. Jikoni, mahali pa boila yangu, likasimama kabati jeupe lisilo na kidirisha chochote. Na kwenye ukuta wa korido, karibu na ndoano za makoti, wakabandika themostati: kioo cha mraba, kipana kama kiganja changu, chenye namba zinazong'aa.

Fundi alikuwa mzee mmoja Mbelgiji, mpole, penseli nyuma ya sikio. Alinisimamisha mbele ya kile kioo akanieleza kila kitu. Alisema mashine inavuta joto kutoka hewa ya nje, hata hewa ikiwa baridi. Nikasema oui, ndiyo, huku moyoni nikijiuliza huyu papa ananiona mjinga kiasi gani, joto linatoka wapi kwenye baridi. Akasema radiata sasa zitakuwa vuguvugu tu, nisishtuke. Oui. Akasema nisipandishe na kushusha, niweke nyuzi ishirini na moja niache hapo, kwa kuwa mashine hii haina haraka. Oui, monsieur. Akasema baridi ikiwa kali mno pampu peke yake haitoshi, ndiyo maana ndani ya kabati jeupe kuna koili ya umeme inayoingia yenyewe kusaidia. Hilo ni joto la akiba, na nisiwe na wasiwasi, kioo kitaonyesha alama ya kujumlisha likianza kazi. Oui, oui.

Nilisema oui kama mara kumi na moja, na nilielewa mambo mawili. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu amekuja nyumbani kwako kufanya kazi, anazungumza nawe kwa heshima, humrudishi nyuma mara tatu akadhani unaidharau kazi yake. Na kuna jambo lingine ambalo sikumwambia. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikipangusa themostati za maofisini, ghorofa kwa ghorofa, kwa kitambaa kikavu, na sijawahi kubonyeza hata moja. Wafanyakazi wa kule wanagombania vitu hivyo kufa na kupona, huyu anasikia joto, yule anasikia baridi, na mama wa usafi akikigusa kimoja kwa bahati mbaya atakwenda kujieleza kwa msimamizi. Kidole changu kilikuwa kimekwisha kujifunza kukaa mbali.

Nadhani yule mzee aliniona. Kabla hajaondoka alichukua karatasi akaniandikia kwa herufi kubwa majibu yote, mstari kwa mstari. Alisema ikitokea siku themostati ikajisahau ikaanza kuniuliza maswali kama vile imezaliwa leo, nijibu kama karatasi inavyosema. Nikaiweka kwenye mfuko wetu wa makaratasi. Mtu aliyeingia nchi hii kama mkimbizi hatupi karatasi aliyoandikiwa na mzungu, hata iwe ya nini. Ilikaa pale na karatasi za ukaaji na ripoti zote za hospitali za mtoto.

Ndani ya nyumba tulikuwa watatu. Wa tatu ni mama yangu mzazi, ambaye mtoto anamwita koko. Alifika kutoka Bukavu miaka mitatu kabla, mtu mzima wa zaidi ya sabini, mdogo wa umbo na mtulivu, sijui mimi nimefanana na nani. Kule kwetu umeme unaondoka na kurudi unavyotaka, na ukirudi unarudi kwa nguvu na kuunguza vitu vya watu. Mama ana sheria yake tangu sijazaliwa: kitu kikitoa moshi, unakata umeme kwanza, maswali baadaye. Jirani yake mmoja alianza na maswali, na nyumba yake ikateketea yote huku mama akiitazama.

Sasa niingie kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza, wiki ya barafu, nje nyuzi saba chini ya sifuri. Wiki nzima nilikuwa sijalala vizuri. Kioo kilisema ishirini na moja, lakini radiata zilikuwa zile za vuguvugu, na mimi kila nikipita nilikuwa nazigusa, nikienda chooni nagusa, nikitoka chooni nagusa, mpaka mtoto akaanza kunicheka. Asubuhi ile nilimuuliza kama ninavyomuuliza kila asubuhi, akasema ça va, maman, yaani yuko sawa. Alikunywa chai, akala mkate kidogo. Kesho yake ilikuwa siku ya kwaya yetu kanisani, na kichwa changu kilikuwa hakitazamiki, kwa hiyo nikaenda Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, kwenye Galerie d'Ixelles, kusukwa. Nilimwacha kwenye kochi na blanketi lake, koko jikoni akichambua maharage.

Msusi alinimaliza saa saba. Nilirudi na tramu, ngozi ya kichwa imenivutika mpaka nyusi, baridi ikiniingia kwenye kila njia ya nywele. Nikafungua mlango. Kwa kawaida nikifungua mlango ule joto hunipokea usoni, na siku hiyo halikunipokea. Nikageuka kwenye ukuta. Kioo kilikuwa cheusi, hakina namba, hakina taa, kimekufa.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kelele kabla hata sijavua viatu. Nani amegusa? Mama akatoka jikoni akijifuta mikono, akasema hajui, kimezimika. Kimezimikaje? Kimezimika tu. Mtoto alikuwa sebuleni, kwenye kochi lake. Nikasema siwezi kuondoka nyumba hii hata kwa saa tatu, nikasema hakuna mwenye akili humu ndani ila mimi, nikasema mtoto akiingia kwenye krizi leo tutajua ni nani aliyemwingiza. Hayo niliyasema nikimwelekezea mama yangu kidole usoni. Kwetu humnyooshei kidole aliyekuzaa. Nilimnyooshea, na sikushtuka hata kidogo, maana hofu ilikuwa imekwisha kunipanda kichwani.

Nikakimbilia chumbani kutafuta karatasi ya fundi. Nilikuwa nimemwaga mfuko mzima kitandani, nikasikia kitu kinalia ka! huko koridoni. Nikatoka. Kioo kimewaka. Mama alikuwa amesimama karibu na makoti, mikono nyuma. Nikasema Mungu asifiwe, kimerudi chenyewe. Akasema ndiyo, asifiwe.

Lakini kilichowaka hakikuwa kioo chetu cha ishirini na moja. Kilinikaribisha, kikaniuliza nataka kuongea nacho lugha gani. Kilikuwa kimejisahau, kama yule mzee alivyosema. Pembeni, kwa namba ndogo, kilionyesha kwamba ndani ya nyumba mna nyuzi kumi na nane na nusu.

Nikavuta kiti kidogo cha kuvalia viatu, nikakaa mbele ya ukuta na karatasi yangu mapajani. Sijui kama nimewahi kuogopa kitu kidogo namna ile. Nilikuwa naona kwamba nikikosea jibu moja, kosa langu litapita ndani ya ukuta, litafika kwenye mabomba, litafika kwenye miguu ya mtoto. Nikachagua Kifaransa. Nikaweka tarehe, nikaiweka vibaya, nikarudi nyuma kijasho kinanitoka. Kikauliza joto linatoka kwenye nini. Karatasi: pampu. Kikauliza linaingia nyumbani kwa njia gani, sakafu au radiata. Karatasi: radiata. Kikauliza kama kuna joto la akiba: hakuna, la umeme, la gesi. Kidole kilibaki hewani juu ya gesi, kwa mapenzi ya boila yangu ya zamani, hata baada ya kusoma karatasi mara mbili. Nikabonyeza umeme. Kikauliza joto hilo liruhusiwe kuingia baridi ya nje ikifika ngapi. Karatasi: mbili chini ya sifuri. Kikauliza lisubiri dakika ngapi kabla ya kuingia. Karatasi ilikuwa na jibu la hilo pia. Mungu ambariki yule papa.

Mwishoni kabisa kikauliza kama nataka kujaribu mtambo mzima, kimoja kimoja, nione kama kila kitu kinafanya kazi. Hapo karatasi haikusema kitu. Kujaribu. Neno lenyewe lilinitisha. Nilifikiri nikijaribu nitaharibu, na nikiharibu leo Jumamosi nani atakuja? Nikabonyeza palipoandikwa "baadaye".

Kioo kikatulia. Nyuzi ishirini na moja nilizoomba, na kando yake ile alama ya kujumlisha, inawaka vizuri. Joto la akiba liko kazini. Nikasimama, nikajisikia mtu mkubwa. Nikamwita mama aje aone, mimi niliyeishia darasa la sita la msingi nimepanga mashine ya wazungu. Akasema asante, mwanangu. Hakuitazama.

Baada ya saa moja ndani mlikuwa na nyuzi kumi na nane. Nikasema fundi alisema haina haraka. Baada ya nusu saa nyingine, kumi na saba na nusu. Alama ya kujumlisha inawaka. Nikagusa radiata ya sebuleni. Ilikuwa na uvuguvugu wa maji ya kuogea uliyoyasahau. Hapo nikasahau maneno yote ya yule mzee, nikapandisha mpaka ishirini na tano, halafu ishirini na nane, nikibonyeza kwa nguvu kana kwamba nguvu ya kidole ndiyo itakayopasha nyumba. Kumi na saba.

Niwaambie ukweli, nilichanganyikiwa. Nilisokota mataulo nikaziba chini ya milango. Nilivuta mapazia mchana kweupe. Nilichemsha maji nikajaza chupa nne za maji ya moto, nikamrundikia mtoto blanketi la pili, koti, kofia ya sufu, soksi juu ya soksi. Yeye alikubali kila kitu bila ubishi. Kila nikimuuliza ananijibu ça va, na mimi sikuwa na muda wa kumsikiliza, nilikuwa narudi ukutani. Nikamgombeza mama kwamba ni yeye na tabia yake ya kufungua dirisha la jikoni kila asubuhi. Nikamgombeza mtoto kwamba pengine alicheza na kioo nilipokuwa sipo. Nikapiga simu ya dharura iliyoandikwa kwenye kabati jeupe, ikanijibu sauti ya kurekodiwa, niache namba, watanipigia. Niliacha namba mara tatu.

Saa kumi na moja giza likaanza kuingia. Kioo kikasema kumi na sita. Nikaenda dirishani kuitazama ile mashine ya uani, nadhani nilitaka kuitukana, na nikaona inatoa moshi. Moshi mweupe, mzito, unapanda kutoka kwenye feni mpaka dirisha la majirani wa juu. Nilipiga yowe. Ndiyo basi, nikasema, sasa inaungua, tunaungua na sisi. Mama alikuja akasimama karibu nami akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Akasema polepole kwamba moshi ule ni ule ule, hata asubuhi ulitoka.

Nilikuwa sijapata nafasi ya kumuuliza asubuhi gani, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa zamu ya dharura, mwenye sauti ya usingizi. Nikamwambia yote kwa pumzi moja. Akasema moshi ule si moshi, ni mvuke. Siku za barafu mashine inajiyeyusha yenyewe barafu iliyoganda mgongoni, hufanya hivyo mara nyingi kwa siku, nisiwe na hofu. Akaniuliza maswali ya themostati, nikamjibu yote kutoka kwenye karatasi, akasema nimepanga sawasawa, hakuna kosa hata moja. Halafu akauliza kama kuna mtu amegusa disjoncteur, swichi ya kukata umeme, kwenye kisanduku cha umeme. Nikasema hapana. Nilisema haraka, kwa ukali kidogo, kama mtu anayetetea nyumba yake.

Mama hajui Kifaransa cha kuongea, lakini neno disjoncteur hata Bukavu ni disjoncteur. Alikuwa bado amenishika mkono. Akauachia.

"Ni miye," akasema. "Niliona moshi inatoka kwa machine, nikazima. Swichi zilikuwa mbili. Kisha weye ukafika, ukaanza makelele, nikainua moja. Ile ingine niliogopa."

"Uliogopa nini? Courant? Umeme?"

"Nilikuogopa weye."

Yule mama wa kwenye simu alikuwa ananiita, allô, allô. Mimi nilikuwa namtazama mama yangu. Alitembea mbele yangu mpaka koridoni, akasogeza makoti, akafungua kile kisanduku kilicho nyuma yake, akanionyesha. Safu ya juu swichi zote zimesimama. Safu ya chini moja imelala. Ndiyo ile ya koili, ya joto la akiba. Kioo kilikuwa kinaliita kutwa nzima na kuniambia limekuja, kwa sababu kioo kinajua kuita tu, hakijui kama aliyeitwa amefika. Mama hakuigusa. Alinisubiri mimi. Nikaiinua, ikalia ka, na baada ya dakika chache ndani ya kabati jeupe kitu kikaanza kuunguruma taratibu.

Nilimshukuru yule mama wa zamu, nikakata simu. Nilitaka kumwambia mama yangu kitu, samahani labda, lakini badala yake nikaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nikaligusa bomba. Linapata moto. Moto kweli. Nikakimbilia sebuleni kumwambia mtoto kwamba imekwisha, imepona, saa moja tu na utavua hiyo kofia.

Alikuwa kwenye kochi, mahali pale pale. Hapo ndipo akili ilinirudi. Tangu nifike saa nane sikuwa nimemwona akisimama. Si kwenda chooni, si kunywa maji, na yeye anajua lazima anywe maji. Nikafunua blanketi. Alikuwa amelishika paja lake kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe kwa kukaza, na kola ya sweta ilikuwa imelowa mahali alipokuwa anaiuma.

"Tangu lini?"

"Tangu asubui, maman."

Asubuhi. Kabla ya moshi, kabla ya swichi, kabla sijatoka kwenda kusukwa. Nyumba ilikuwa na joto lake lote wakati ule. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema alijua nitaogopa.

Nilimpa dawa zake, mama akapanda kugonga kwa majirani wa juu, wale wanyataji, watuitie taksi, na mwanamume wa pale akaja mwenyewe na funguo za gari lake akambeba mtoto mpaka nje. Mama alibaki. Niliona kupitia dirisha la gari amesimama mlangoni, anavuta khanga yake kifuani, na sikumpungia mkono.

Garini nilimlaza kichwa mapajani pangu. Watoto wa SS wanafundishwa mapema kuyapa maumivu namba, sifuri ni hakuna, kumi ni hayavumiliki, na namba hiyo ndiyo inayowaambia madaktari dawa gani. Nikamuuliza. Alifungua macho akanitazama usoni, akanitazama kwa muda.

"Trois," akasema.

Nikashika ile trois kwa mikono miwili. Tatu tunaiweza. Nilimwambia jirani, ni tatu tu, nikampigia mama, ni tatu tu. Nilianza hata kupumua. Nilimwambia mtoto yeye ni shujaa, na yeye akafumba macho.

Hospitali wanatujua. Walimpitisha mbele ya watu, wakamweka kitandani, akaja muuguzi mmoja msichana mwenye miwani, akamwinamia. Kutoka sifuri mpaka kumi, mrembo wangu, ngapi? Mtoto akageuza macho kwangu kabla ya kujibu. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, mikono mdomoni, na najua uso wangu ulikuwaje. Akasema trois. Muuguzi hakuandika. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, halafu akaniomba kwa upole niende mezani kuonyesha kadi ya mtoto, watanihitaji kule dakika mbili.

Nilitoka. Mlango wa chumba kile ulikuwa wa kuteleza, haukufunga mpaka mwisho, na mimi sikuenda mezani, nilibaki nyuma yake. Nikasikia muuguzi anavuta kiti. Akasema, sasa tuko wawili. Akauliza tena lile swali, kwa sauti ile ile. Halafu nikasikia sauti ya mtoto wangu, ndogo, inalia sasa, ambayo kutwa nzima haikulia mbele yangu.

"Neuf."

Tisa. Muuguzi akaita mwenzake, nikasikia miguu inakwenda haraka, na kabati la dawa linafunguliwa. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuingia mle chumbani, kumkumbatia, kulia kwa sauti, kuwauliza mnampa nini, mnampa kiasi gani. Nikaufunga. Kulikuwa na kiti cha plastiki ukutani, nikakaa juu yake na kadi yake mkononi, nikaziba mdomo wangu kwa kiganja mpaka walipomaliza.